Unakodi Daraja, Hukodi Gari: Jinsi ya Kusoma Bei Kabla ya Kulipa

Picha ya Corolla nyeupe unayoiona unapokodi gari mtandaoni si ahadi. Chini yake, kwa maandishi madogo, kampuni imeandika "au linalofanana nalo", na maneno hayo matatu ndiyo mkataba wenyewe. Ulichouziwa ni daraja: gari la ukubwa fulani, la umbo fulani, lenye gia za aina fulani. Corolla ikiwapo siku hiyo, utaendesha Corolla. Isipokuwapo utakabidhiwa Kia au Hyundai iliyorudishwa asubuhi ikaoshwa, na huna la kudai.

Asiyelijua hili hubishana kaunta, kisha huchoka akasaini kila karatasi anayosogezewa, na hapo ndipo fedha zinapoondoka. Mwongozo huu ni wa anayekwenda mahafali ya mwanawe Minnesota, wa anayetua Dubai akitaka kufika Muscat kwa barabara, na pia wa anayetafuta Noah ya kuipeleka familia Moshi mwezi Desemba. Taratibu zinatofautiana, ila maswali ni yale yale: nalipia nini hasa, na bei hii imetoka wapi?

Kwa nini kuna madaraja

Kampuni yenye mamia ya magari kwenye uwanja wa ndege haiwezi kumfungia kila mteja gari lake wiki tatu kabla hajafika. Mteja mmoja atachelewa kurudisha, mwingine atagonga, gari la tatu litakuwa gereji. Magari yakishawekwa kwenye makundi, lolote linaloingia linaweza kumtoa yeyote anayesubiri. Ndiyo maana ndani ya daraja moja unakuta magari ya watengenezaji watano.

Daraja pia linafuata gharama. Wengi hudhani mzigo mkubwa wa kampuni hizi ni matengenezo, kumbe kinachoziumiza zaidi ni gari kushuka thamani tangu siku linaponunuliwa hadi siku linapouzwa. Hertz ililionja hilo hadharani. Oktoba 2021 ilitangaza kununua Tesla 100,000. Januari 2024 ikatangaza kuyauza magari ya umeme yapatayo 20,000, maana thamani yake ilikuwa imeporomoka na kuyatengeneza baada ya ajali kulikuwa ghali. Dola 50 unazolipa kwa siku zinaziba kwanza pengo la namna hiyo.

Lakini bei unayoiona haikupangwa kwa gharama peke yake. Mwaka 1993 National Car Rental ya Marekani, wakati huo ikiwa mali ya General Motors, ilikuwa inapata hasara na karibu ifungwe. Kilichoiokoa kwa sehemu kubwa ni mfumo wa kompyuta uliopanga bei kwa mahitaji, kama mashirika ya ndege yanavyofanya: magari yakikaribia kwisha bei inapanda, yakilala uwanjani inashuka. Leo kampuni kubwa zote hufanya hivyo, na bei ya asubuhi si lazima uikute jioni. Matokeo yake huchekesha wakati mwingine, maana daraja kubwa lisilo na wateja linaweza kuwa rahisi kuliko dogo linalogombewa. Kabla ya kulipa, tazama madaraja mawili yaliyo juu ya lile ulilokusudia.

Herufi nne za kujua

Mwaka 1989 kampuni kubwa za kukodisha magari barani Ulaya zilianzisha chama kiitwacho ACRISS, ili wakala wa London na mwenye kaunta ya Lisbon wakitaja gari wawe wanataja kitu kimoja. Kila daraja likapewa msimbo wa herufi nne. Mara nyingi utaukuta kwenye karatasi ya kuthibitisha oda yako, karibu na picha ya gari. Usipouona, uulize.

> KISANDUKU: Namna ya kusoma msimbo
>
> Herufi ya 1, ukubwa na hadhi. M: dogo kabisa. E: dogo la bei nafuu. C: linalofuata kwa ukubwa, kama Volkswagen Golf kule Ulaya. I: la kati. S: juu kidogo ya la kati. F: kubwa, kama Toyota Camry kule Marekani. P: la hadhi. L: la kifahari. X: la pekee, lisiloingia kwenye makundi hayo.
>
> Herufi ya 2, umbo. C: milango miwili au minne. D: milango minne au mitano. W: steshen wagon. V: la abiria wengi. F: SUV. T: la paa la kukunja. Q: pikapu yenye kabini ya viti vya nyuma.
>
> Herufi ya 3, gia na tairi zinazovuta. M: gia za mkono. A: otomatiki. Hizi mbili hazisemi lolote kuhusu tairi. N: gia za mkono na fowili. B: otomatiki na fowili. C na D: gia za mkono na otomatiki, kwa mfuatano huo, tairi zote nne zikivuta muda wote.
>
> Herufi ya 4, mafuta na kiyoyozi. R: kiyoyozi kipo, mafuta hayakutajwa. N: hakuna kiyoyozi. D: dizeli. V: petroli. H: haibridi. E: umeme. C: umeme wa masafa marefu.

Angalia kwamba herufi moja hubadilika maana kwa kubadili nafasi. C ya kwanza ni ukubwa, C ya tatu ni tairi, C ya nne ni umeme. Soma kwa mpangilio, usirukie.

Tuchukue mmoja: IFAR. Gari la kati, SUV, otomatiki, lenye kiyoyozi. Sasa tafuta kisichokuwamo. Herufi ya tatu ni A, kwa hiyo hakuna popote ulipoahidiwa fowili. Mtu anayekwenda Colorado mwezi Januari akiona neno SUV hujisemea kwamba theluji haitamsumbua, kumbe gari alilopewa linaweza kuwa linavuta kwa tairi za mbele tu, sawasawa na Vitz. Anayehitaji fowili atafute B au D katika nafasi ya tatu. Asipoiona, aulize kwa maandishi kabla ya kulipa.

Herufi hiyo hiyo ya tatu ina mtego mwingine kwa madereva wetu. Magari mengi yanayoshushwa bandari za Dar es Salaam na Mombasa kutoka Japani ni otomatiki, na wapo madereva wazuri ambao hawajagusa klachi tangu chuo cha udereva. Ulaya, gari la bei ya chini kabisa mara nyingi ni la gia za mkono: utaona EDMR au CDMR, uone na bei tamu, ubonyeze. Ukija kugundua kaunta saa tano usiku, otomatiki iliyobaki itakuwa moja, na bei yake itakuwa ya saa tano usiku. Marekani hofu hiyo haipo, kwani karibu magari yote ya kukodi ni otomatiki.

Jambo la mwisho kuhusu madaraja: chama kilitoa mwongozo, lakini kampuni yenyewe ndiyo inayoamua gari lake liingie wapi. Gari lile lile linaweza kuitwa la kati hapa na dogo pale. Kwa hiyo ukishasoma herufi, hesabu viti na mizigo. Na masanduku ya watu wetu si yale ya kwenye picha. Gari la watu saba likikaa watu saba, nyuma hubaki nafasi ya mkoba. Ndoo ya dagaa na begi la unga vitapakatwa.

Kinachopandisha bei

Mahali pa kuchukulia ndipo pa kwanza kutazama. Kwenye viwanja vya ndege kampuni hutozwa na mwenye uwanja, nayo hukutoza wewe. Marekani si ajabu makato na kodi za uwanjani kuongeza robo ya bei au zaidi. Tawi la mtaani likiwa kilomita chache, huenda nauli ya teksi ikawa ndogo kuliko makato hayo. Piga hesabu zote mbili.

Siku huhesabiwa kwa saa 24 tangu ulipochukua funguo. Ukichukua Jumatatu saa nne asubuhi na kurudisha Ijumaa saa nane mchana, hizo ni siku tano. Kampuni nyingi huvumilia kama nusu saa, si zaidi. Panga saa ya kurudisha kabla ya kupanga saa ya kuchukua.

Bei ya wiki ina mantiki yake. Siku tano kwa bei ya siku zinaweza kukaribia siku saba kwa bei ya wiki, wakati mwingine hata kuzipita. Lakini ukichukua bei ya wiki na kurudisha mapema ukidhani unaokoa, kampuni inaweza kuipiga hesabu upya kwa bei ya siku, ukadaiwa zaidi. Uliza kabla.

Umri: Marekani dereva aliye chini ya miaka 25 hutozwa nyongeza kila siku, na kampuni nyingi hazimkodishii kabisa aliye chini ya 21. New York na Michigan sheria inazitaka zimhudumie kuanzia miaka 18, ila nyongeza yake huwa kubwa. Kama mwanao ndiye mwenyeji wa jiji na ana miaka 22, ni nafuu uendeshe wewe, hata kama atakucheka unavyopinda kona.

Kurudisha gari mji mwingine kuna ada, kwa sababu lazima mtu alirudishe. Ada hiyo huweza kulingana na kukodi kwenyewe.

Kisha kuna jambo ambalo wengi hawalitazami: nchi anayoishi dereva. Mfumo ukijua dereva anatoka nje ya Marekani, mara nyingi humpa bei iliyokwisha kuwekewa kinga, kwa kuwa hana bima ya gari ya huko. Mkazi wa Marekani hupewa bei tupu, ikidhaniwa bima yake ya nyumbani itamfuata. Ukiwa Dar unamwekea oda binamu anayeishi Houston, andika Marekani, maana dereva ni yeye. Ukiandika Tanzania ili upate kinga ya bure, siku ya ajali wataomba leseni yake, waione ni ya Texas, na kinga hiyo inaweza kukataliwa.

Hatua za kuweka oda

1. Andika mahitaji yako kabla ya kufungua tovuti yoyote: watu wangapi, masanduku mangapi, barabara gani, gia gani. Ukianza na bei, bei itakuchagulia gari.
2. Linganisha jumla ya mwisho, usilinganishe bei ya tangazo. Nenda hadi ukurasa wa malipo wa kila kampuni, kisha gawanya jumla kwa siku.
3. Pendelea oda inayofutika bila adhabu. Wiki moja kabla ya safari angalia tena; bei ikiwa imeshuka, weka mpya kwanza, ndipo ufute ya zamani. Usigeuze mpangilio huo.
4. Soma kipengele cha kinga. Kile kinachoitwa kinga ya uharibifu wa gari ni ahadi ya kampuni kutokukudai uharibifu wa gari lake, na mara nyingi hubaki kiasi ambacho lazima ukibebe wewe. Kitafute kwa tarakimu. Bima ya kuwafidia watu wengine utakaowagonga ni jambo jingine. Marekani hakikisha unayo.
5. Hakikisha kadi. Kampuni nyingi hutaka kadi ya mkopo yenye jina la dereva mwenyewe, nazo huzuia humo amana ya mamia ya dola. Kadi ya kawaida ya benki, ambayo ndiyo wengi wetu tunayo, hukataliwa na baadhi yao, na pale inapokubaliwa fedha hutoka kweli kwenye akaunti na kurudi baada ya siku kadhaa. Piga simu kwenye tawi lenyewe uulize.
6. Pata leseni ya kimataifa kabla ya kuondoka nyumbani. Wakenya huipata AA Kenya. Haifai bila leseni yako ya kawaida, beba zote mbili.
7. Kama utavuka mpaka, sema mapema. Dubai hadi Muscat ni safari ya saa chache, lakini gari la kukodi halivuki bila barua ya ruhusa ya kampuni na bima inayofanya kazi Oman. Ukivuka bila hivyo, umevuka bila bima.

> KISANDUKU: Hesabu ya mfano, siku 7, dereva wa miaka 23
>
> Kampuni ya kwanza, tangazo dola 32 kwa siku. Gari 224. Makato ya uwanja wa ndege na kodi 62. Nyongeza ya umri 175. Kinga ya uharibifu 168. Jumla dola 629, sawa na karibu 90 kwa siku.
>
> Kampuni ya pili, tangazo dola 47 kwa siku, tawi la mjini, kinga imo. Gari 329. Kodi 38. Nyongeza ya umri 175. Jumla dola 542, sawa na 77 na kidogo kwa siku.
>
> Tarakimu ni za kuonyesha njia tu. Zako ziandike kwa mpangilio huo huo.

Mbele ya kaunta

Umesafiri usiku kucha, mtoto analia, na kijana mchangamfu anakuambia: "Kwa dola 15 tu kwa siku nakupa kubwa zaidi." Kabla ya kujibu, muulize: "Daraja nililoweka lipo?" Madaraja madogo kabisa huuzwa zaidi ya magari yaliyopo, kwa kuwa kampuni inajua baadhi ya wateja hawatatokea. Kama lako limekwisha, desturi ni kupewa la juu bila nyongeza. Anayekubali haraka hulipia kile ambacho angepewa bure. Mimi huwa naweka daraja dogo kuliko yote yatakayonitosha kweli, nikijua likikosekana nitapanda. Usiweke lisilokutosha ukitegemea bahati. Siku nyingine lipo, na ni hilo utakalopewa.

Atakuuliza pia kama ulipe kwa sarafu ya kwenu. Kataa. Chagua sarafu ya nchi uliko, kwani bei ya kubadilishia inayotolewa pale kaunta huwa mbaya. Mafuta ya kulipia kabla yakatae vilevile, labda kama una hakika utarudisha tangi likiwa tupu. Ushuru wa barabara uulizie: Dubai milango ya Salik hukata yenyewe, na kampuni hukudai baadaye pamoja na ada yake; Marekani baadhi hutoza kila siku kwa kifaa cha kulipia ushuru hata siku ambayo hukupita.

> TAHADHARI: Kinga nyingi haziingizi haya
>
> Tairi na rimu. Vioo. Paa. Sehemu ya chini ya gari. Kuweka petroli kwenye gari la dizeli. Dereva ambaye jina lake halimo kwenye mkataba, hata akiwa mume au mke wako. Soma orodha hiyo kwenye mkataba wako kabla ya kusaini.

Huku kwetu

Matawi ya kampuni za kimataifa Nairobi na Dar es Salaam hutumia msimbo ule ule. Kwingine daraja ni jina la gari. IST na Vitz zinaanza chini, zinafuata Axio, Fielder na Premio, kisha RAV4, X-Trail na Harrier. Noah na Alphard ni za familia, Prado iko juu, na Land Cruiser V8 iko juu ya zote. Faida ni kwamba unaweza kuonyeshwa gari lenyewe kwa picha ya WhatsApp na ukapewa hilo hilo. Hasara ni kwamba hakuna gari la akiba: likiharibika usiku wa kuamkia safari, mwenye gari anaanza kupiga simu kwa wenzake.

Umri wa gari huuzwa kwa namba ya usajili. Dar utasikia "hii ni namba E", na bei inapanda. Namba inaonyesha lini gari lilisajiliwa Tanzania. Lini lilitengenezwa Japani ni habari nyingine, na IST ya mwaka 2005 inaweza kuwa na namba E vizuri tu. Omba kuona kadi ya gari, humo mwaka wa kutengenezwa umeandikwa. Kenya namba haidanganyi kiasi hicho, kwa kuwa sheria hairuhusu kuingiza gari lililotumika kwa zaidi ya miaka minane.

Bei yenyewe inategemea majibu ya maswali machache, na usipoyauliza utajibiwa siku ya kurudisha:

- Ni bei ya mjini au ya mikoani?
- Ni ya saa 24 au ya kutwa?
- Kuna dereva? Posho yake na malazi analipa nani?
- Mafuta yamo?
- Kilomita ngapi kwa siku, na kila inayozidi ni shilingi ngapi?
- Kodi ya VAT imo? Kiwango cha kawaida Tanzania ni asilimia 18, Kenya 16.

Hilo la kilomita ndilo linalowaliza wengi. Tuseme umepewa kilomita 150 kwa siku na kila inayozidi ni shilingi 500. Dar hadi Dodoma ni kama kilomita 450. Ukienda na kurudi ndani ya siku mbili umetembea 900, ulizoruhusiwa ni 300, umezidisha 600. Deni ni shilingi 300,000, huenda ni zaidi ya bei ya kukodi. Kwa safari ndefu omba bei moja ya safari nzima, kilomita zikiwa wazi, na iandikwe.

Msimu una nguvu kuliko gari. Wiki ya mwisho kabla ya Krismasi, Noah na Prado za Dar zinaelekea Moshi, na anayetafuta tarehe 20 Desemba hulipa anachotajiwa. Weka oda Oktoba au Novemba, lipa kianzio, upewe risiti. Mombasa nako Agosti na Desemba bei hupanda. Jumamosi za harusi ni soko la peke yake: gari lile lile likiitwa la maharusi hubadilika bei, kwa hiyo taja saa na umbali kwanza, harusi uitaje baadaye.

Kwa hifadhini, usibanie daraja. Kushuka kreta ya Ngorongoro kunahitaji fowili, na getini utarudishwa usipokuwa nayo. Hifadhi za Tanzania pia hutoza gari lenye namba za nje kwa dola na gari la ndani kwa shilingi, hivyo Prado uliyoikodi Nairobi kwa nafuu yaweza kuwa ghali kuliko ya Arusha ukishafika Serengeti. Ukivuka mpaka beba barua ya ruhusa ya mwenye gari na kadi ya njano ya COMESA. Na ukiingia Rwanda, Burundi au Kongo, kumbuka barabara inageuka: unapita kulia.

Lililo zito kuliko yote ni bima. Uliza kwanza: ni bima kubwa au ndogo? Ndogo hulipa watu wengine tu. Gari ukiligonga ni lako kulilipia. Swali la pili wengi hawaliulizi: ni bima ya matumizi binafsi au ya biashara ya kukodisha? Gari la mtu binafsi lililotolewa na dalali kwa wikendi mara nyingi lina bima ya binafsi, na kampuni ya bima ikijua lilikuwa limekodishwa inaweza kukataa kulipa. Tanzania unaweza kuihakiki stika ya bima kwenye mfumo wa TIRA, mamlaka ya bima, ukiwa na simu mkononi. Kenya mmiliki wa gari huhakikiwa kupitia mfumo wa NTSA, mamlaka ya usafiri. Mwenye gari akinuna kwa sababu unahakiki, tafuta jingine.

Malipo yapite Lipa Namba au till ya kampuni, yasiende kwenye namba ya simu ya mtu. Amana iandikwe kwenye mkataba: kiasi, itarudi lini, itakatwa kwa lipi. Acha nakala ya kitambulisho, usiache kitambulisho chenyewe.

Dakika kumi kabla ya kuwasha gari

Washa video ya simu, sema tarehe na saa, kisha zunguka gari taratibu. Mchana ni bora. Usiku sogeza gari kwenye taa. Inama kwenye bampa la mbele upande wa chini, ndipo mikwaruzo ya ukingo wa barabara inapojificha. Pitisha kidole kwenye kioo cha mbele, maana jiwe likipiga huacha kidoa kidogo ambacho macho hayakioni, nacho hupasuka baadaye ukiwa njiani. Ndani, piga picha ya dashibodi gari likiwa linanguruma, ili kilomita, mafuta na taa za onyo vionekane pamoja.

- Tairi zote nne, na la akiba lenye upepo
- Jeki na spana ya tairi
- Pembetatu mbili, kizima moto, kisanduku cha huduma ya kwanza
- Stika ya bima na tarehe yake
- Mikanda ya viti vyote, ya nyuma pia
- Kiyoyozi, waipa, honi, taa za breki
- Aina ya mafuta iliyoandikwa ndani ya kifuniko cha tangi
- Namba ya simu ya kupiga ukikwama usiku

Kila doa uliloliona liandikwe kwenye fomu na mfanyakazi asaini. "Hilo tunalijua, bosi, usijali" si saini.

Kurudisha

Rudisha saa ambayo ofisi iko wazi. Ukitupa funguo kwenye kisanduku usiku, gari linabaki kuwa jukumu lako hadi asubuhi walione, na lolote litakalotokea katikati mtabishana. Jaza mafuta kituo cha karibu na utunze risiti. Rudia video ile ile, kwa mzunguko ule ule. Omba mtu alikague mkiwa pamoja na akupe karatasi ya kufunga mkataba yenye kilomita, mafuta na neno kwamba hakuna uharibifu mpya.

Faini za kamera na ushuru wa barabara huja baada ya wiki, wakati mwingine miezi, kwa hiyo usifute picha mapema. Amana isiporudi ndani ya muda ulioandikwa, usipige simu tu. Andika barua pepe yenye namba ya mkataba, ambatanisha karatasi ya kufunga na video zote mbili, na kama ulilipa kwa kadi peleka nakala benki yako waanze kuifuatilia.